Utepe wa Sinki la Bibi Mwanamvua

"Tangazo kwa wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, walioko ndani ya nchi na walioko nje kwa sababu zisizoeleweka! Kwa kutambua kwamba mikono safi ndiyo msingi wa taifa safi, na kwa kuwa Mkuu wa Nchi amelitazama suala hili, ameguswa, na hatimaye amenawa, kuanzia leo kila kaya itakuwa na uhuru kamili, usio na mipaka, wa kuchagua sinki la bafuni ilipendalo."

Tangazo hilo lilisomwa redioni asubuhi na yule mtangazaji anayetumika kwenye misiba mikubwa. Ukapigwa wimbo wa taifa. Kisha likasomwa tangazo la pili, fupi, lililosema kwamba masinki yamekuja ya aina moja.

Mimi ninayeandika habari hizi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya bweni. Nimefundishwa kutandika kitanda, kuheshimu wakubwa na kusema ukweli, kwa mpangilio huo. Wakati wa mambo haya nilikuwa nyumbani kwa likizo. Naomba ieleweke mapema kwamba sikuhusika na lolote. Nilikuwepo tu, kama taa ya ukutani inavyokuwepo.

Nyumbani tulikuwa watatu. Baba yangu ni mkaguzi wa barabara ambazo bado hazijajengwa, kazi inayomweka mbali mwaka mzima. Kwa hiyo alikuwepo Mama, nilikuwepo mimi, na alikuwepo Bibi Mwanamvua, mama yake Mama, aliyehamia kwetu baada ya kiuno chake kumsaliti. Bibi hakuwa na makuu. Alikuwa na tasbihi, redio ndogo na msimamo wake kuhusu kila kitu. Shida yake ilikuwa moja: kutawadha. Bafuni kwetu palikuwa na ndoo, kopo na kigoda. Kila wakati wa sala ulipofika alikaa kwenye kigoda akachota maji, akanawa vizuri tu.

"Kukaa si kazi," alikuwa akisema. "Dunia nzima inajua kukaa, hata viongozi wanajua. Kazi ni kuinuka."

Akiinuka alishika ukuta, akamtaja Mungu, akamtaja na marehemu Babu kwa maneno ambayo marehemu hasemwi. Kwa hiyo Mama aliposikia habari ya masinki alizima jiko, akavaa viatu vya kutokea, akasema, "Twendeni tukachague kabla hawajabadilisha mawazo."

*

Ukumbi wa Uchaguzi Huru wa Masinki ulikuwa zamani ghala la mbolea, na harufu ilikuwa bado haijapata barua ya uhamisho. Mlangoni alitupokea Bwana Pazi, Afisa Masinki wa Wilaya, mtu mwembamba mwenye kalamu nne mfukoni na macho ya mtu aliyeamka mapema maisha yake yote.

Katikati ya ukumbi, juu ya meza yenye kitambaa, chini ya picha ya Mkuu wa Nchi, palikuwa na sinki moja. Rangi yake ilikuwa ya uji uliopoa.

"Chagueni," alisema Bwana Pazi.

Mama alitazama kulia, akatazama kushoto. "Tuchague nini na liko moja?"

"Mama, uhuru haupimwi kwa wingi wa vitu."

"Basi tunachukua hilo."

"Usiharakishe!" Bwana Pazi aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Raia lazima atafakari kwanza. Mwaka wa vitasa watu walichagua haraka haraka, mpaka leo kuna familia hazijui kama ziko ndani au nje. Kaeni pale."

Pale palikuwa na Benchi la Kutafakari. Lilikuwa limejaa watu wanaotafakari, wengine wakiwa wamelala. Tulitafakari sinki mpaka Bwana Pazi aliporudi kutoka kula chakula cha mchana, akatuuliza kwa sauti ya mtu anayefungisha ndoa:

"Je, mmefikia uamuzi bila kushurutishwa?"

"Tumefikia. Lile pale," alisema Mama.

"Lipi? La upande wa dirishani au la upande wa mlangoni?"

"Baba," alisema Bibi taratibu, "sinki ni moja."

"Ni moja, Bibi, lakini lina pande mbili, na mimi nina sehemu ya kuandika."

Bibi alifunga macho kidogo. Kiuno kilikuwa kinamwuma, na benchi lile halikuwa na egemeo. "La dirishani."

Uso wa Bwana Pazi ulichanua. "Chaguo zuri sana, Bibi. Wengi wanakosea hapo."

*

Sinki lilikuja nyumbani kwa lori, likisindikizwa na Bwana Pazi mwenyewe pamoja na fundi. Fundi alishika nyundo, akauliza swali ambalo kwa watu wa nchi nyingine lingekuwa dogo.

"Tuliweke urefu gani?"

"Kwa mujibu wa Kanuni za Masinki," alisema Bwana Pazi, "ukingo wa sinki utakuwa sawasawa na kiuno cha Mkuu wa Nchi, ili kila raia anaponawa ajione amesimama naye bega kwa bega."

"Na kiuno chake kiko wapi?"

"Hiyo ni siri ya taifa."

Fundi alishusha nyundo. Ni kweli kwamba Mkuu wetu hajawahi kuonekana amesimama. Magazetini amekaa, kwenye noti amekaa, na sanamu yake pale mjini, ile kubwa ya shaba, imekaa kwenye kiti cha shaba na miguu imefunikwa na bendera. Kuna wanaosema ni mrefu sana. Waliosema vinginevyo hatuwaoni siku hizi.

Wanaume wale wawili wakasimama wanautazama ukuta wetu kama wanasubiri uongee. Nje jua likasogea. Bibi akatoka chumbani kwa mkongojo, akaenda mpaka ukutani, akageuka akaupa mgongo.

"Nipimeni mimi."

"Bibi!" Bwana Pazi alishtuka. "Unadai kiuno chako ni sawa na cha Mkuu wa Nchi?"

"Mimi sidai kitu, mwanangu. Wewe unadai si sawa?"

Nilimwona Bwana Pazi akiitembeza akili yake kila upande na kila upande kukiwa na ukuta, kwa sababu akisema ni sawa ametoa siri, na akisema si sawa ametoa siri hiyo hiyo.

"Toboa hapo," alimwambia fundi, huku akitazama kando.

Ndivyo lilivyofungwa sinki letu: pale pale mikono ya Bibi ilipofika bila kuinama. Fundi alifungua bomba. Maji yakatoka, meupe, yanacheka. Bibi alikunja mikono ya gauni lake, akapiga bismillahi.

Bwana Pazi aliruka mbele yake kama golikipa.

"Bado!"

*

Hapa inabidi nieleze sheria, kwa faida ya wasomaji wa nchi zenye bahati.

Katika nchi yetu hakuna kinachotumika kabla ya kuzinduliwa na mgeni rasmi. Kitu kisichozinduliwa si maendeleo, ni kitu tu, na anayetumia kitu tu cha Serikali amehujumu. Ndiyo maana pale mtoni tuna daraja zuri la zege, refu, lenye taa, na wananchi wanavuka chini yake wakiwa wamebeba viatu kichwani. Zahanati mpya ina vitanda bado viko kwenye nailoni, na watoto wanazaliwa barazani, wanafungua macho na kitu cha kwanza wanachokiona duniani ni mlango uliofungwa kwa utepe. Wanazoea mapema.

Bwana Pazi akatoa utepe kwenye mkoba wake, akaufunga kutoka kwenye bomba mpaka kwenye msumari wa upande wa pili, mbele ya sinki, kwa fundo la kiserikali. Ulikuwa wa rangi mbili, damu ya mzee na njano, rangi za Chama. Ndizo rangi za mabasi yetu, za mablanketi ya hospitali, za masanduku ya kura na za tai ya shule yetu. Nchi yetu haipendi kuchanganya mawazo ya watu.

"Ukikatwa kabla ya wakati," alisema, "sinki linang'olewa, na familia inarudi kwenye Benchi la Kutafakari."

"Na mgeni rasmi anakuja lini?" aliuliza Mama.

"Mheshimiwa Dakta Ngwali, Naibu Waziri wa Uzinduzi? Yuko njiani."

Mama alifurahi. Alikuwa bado mgeni wa maneno hayo.

Mheshimiwa alikuwa njiani wiki ile. Mama akapika pilau, akakodi viti na turubai, akaazima vikombe vyenye visahani. Majirani wakaja, wakakaa, wakangoja, wakala. Jioni ikaletwa habari kwamba Mheshimiwa amepitia kuzindua kibao kinachoonyesha mahali patakapojengwa kiwanda cha vibao. Wiki iliyofuata akawa njiani tena. Pilau tena. Safari hii alizuiwa na mto, kwa kuwa daraja lilikuwa halijazinduliwa.

"Si yeye ndiye mzinduzi?" niliuliza, kwa nia njema kabisa.

"Atalizindua vipi," alinijibu Bwana Pazi, akijipangusa jasho, "na daraja limeombewa tarehe baada ya sinki lenu? Foleni ni foleni, binti."

Kila asubuhi Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Shomvi, alikuja kuukagua utepe. Alipiga hodi, akapita moja kwa moja bafuni, akauvuta kidogo kwa kidole, akasema "Naam," akanywa chai yetu, akaondoka. Mara moja alimkuta Mama anaoga. Akasema "Naam" nje ya mlango, ili kumbukumbu zisiwe na pengo.

Tukachoka. Mama alichoka mpaka akaacha kukunja turubai. Lilibaki uani limening'inia, kuku wakalifanya makazi. Mimi nilichoka kula pilau, hali ambayo mwanafunzi wa bweni hajawahi kuifikia tangu mabweni yaanze. Bibi naye aliendelea kukaa kwenye kigoda chini ya sinki lake jipya, akichota maji ya ndoo kwa kopo, bomba likimtazama.

"Linanidharau," aliniambia. "Angalia linavyokodoa."

*

Alianguka mchana, wakati wa adhuhuri.

Nilisikia kopo likigonga sakafu. Tulipofika bafuni alikuwa chini, kigoda kimelala ubavu, maji yanamzunguka, na uso wake umeelekea juu, kwenye sinki. Paji la uso lilikuwa linatoka damu. Hakuwa analia. Alikuwa anatazama ule utepe uliokuwa juu yake, umenyooka vizuri, mkavu.

"Msiushike," alisema. "Mtaukata bure, watuletee balaa."

"Mama, acha habari za utepe!" alisema Mama. "Wapi panauma?"

"Kila mahali ni pangu, kwa hiyo kila mahali."

Daktari wa zahanati alimfunga bendeji barazani. Akatuambia nyonga haijavunjika, ila akianguka tena hatasimama. Kigoda asahau, na kuinama asahau. Mama alimsikiliza akiitikia kwa kichwa tu. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha kukodi, pale uani, chini ya turubai la mgeni rasmi, akajifunika uso kwa khanga.

Sasa naeleza yaliyofuata kwa uangalifu mkubwa.

Alasiri ile utepe ulikatika. Uchunguzi wa awali unaonyesha kwamba ulikatika wenyewe, kutokana na umri. Muda mfupi baadaye ulionekana tena mahali pake, mzima, ukiwa mnene kidogo kuliko zamani na umefungwa namna ambayo mtu angeweza kuuvua upande mmoja na kuurudisha. Na katika tukio lingine, ambalo halina uhusiano wowote, tai yangu ya shule ilipotea katika mazingira ya kutatanisha.

Bibi akaanza kunawa amesimama. Alifungua bomba, akanawa viganja, akasukutua, akanawa uso polepole akizunguka bendeji. Miguu nilimmwagia maji mimi. Alipomaliza alijitazama kwenye maji yaliyobaki kwenye bakuli.

"Limekubali," alisema. "Kumbe halikuwa na kiburi. Lilikuwa limefungwa tu."

Kesho yake Mzee Shomvi alikuja, akauvuta utepe kwa kidole, akauvuta tena. Nilihesabu misumari ya darini.

"Naam," alisema. "Umezidi kung'aa. Kitu cha Serikali, kadiri kinavyokaa ndivyo kinavyoimarika."

*

Mheshimiwa alifika siku ambayo hatukumtegemea na hatukuwa na pilau. Mto ulikuwa umepungua maji, akaja na magari, kamera ya televisheni inayorusha moja kwa moja, bendi ya tarumbeta na mkasi uliobebwa kwenye mto wa hariri. Bendi iliingia bafuni hadi nafasi ikaisha. Mpiga ngoma alibaki korido. Mheshimiwa alikuwa mtu mnene, mpole wa sura, na chini ya macho yake palikuwa na mifuko ya mtu ambaye miaka mingi amekuwa njiani.

"Ndugu wananchi," alianza, akiwa amebanwa kati ya kamera na taulo zetu, "sinki ni nini?"

Alitutazama. Hatukujua. Akatueleza. Sinki ni bakuli, lakini ni bakuli lililoinuliwa. Nani ameliinua? Alitaja jina la aliyeliinua, tukapiga makofi. Wakoloni walitunawisha kwenye ndoo, leo tunajinawia wenyewe. Maadui zetu wanasema hatuna maji. Waje waone, tuna mahali pa kuyapokea. Alizungumza mpaka jasho likamtoka kwenye suti, na mara moja moja alilitazama bomba kwa macho ya kiu.

Kisha akachukua mkasi.

Mkasi ulikataa. Mheshimiwa alibana, akatabasamu kwa kamera, akabana tena. "Utepe imara," alisema, "kama umoja wetu." Bwana Pazi alimsaidia kwa mkono wa pili. Umoja ukakatika, tarumbeta zikalia, vigelegele vikapigwa, na nusu ya utepe ikageuka hewani, ikaning'inia kwenye msumari, tumbo nje.

Katika shule za bweni kila nguo ina jina. Matroni wetu hushona kitambaa cheupe chenye jina la mwanafunzi nyuma ya kila kitu alichonacho, kwa uzi wa kuvulia samaki, na hakuna kiumbe aliyewahi kuufumua. Mimi nilijaribu kwa meno.

Mheshimiwa aliinama, akasoma kwa sauti ile ile ya hotuba, kwa sababu hakuwa na nyingine:

"Zamda Kilindo. Kidato cha Tatu. Bweni la Uadilifu."

Tarumbeta zikanyamaza moja moja.

"Huu si utepe wa Serikali," alisema Mheshimiwa.

"Ni wenyewe!" alilia Mzee Shomvi. "Nimeukagua kila asubuhi!"

Bwana Pazi alikuwa amegeuka rangi ya sinki. Kalamu nne zilikuwa zinagongana mfukoni mwake. Nilikumbuka kwamba aliyefunga utepe ndiye anayeulizwa utepe.

"Ni mimi," alisema Bibi kutoka mlangoni. "Nimeukata kwa kisu cha vitunguu. Ning'oeni mimi, sinki mliache."

"Bibi, huwezi kushika hata kisu cha siagi," nilisema. Nilikuwa sijapanga kusema. Kamera ikanigeukia. "Ni mimi, Mheshimiwa."

Mama alisema "Zamda!" kwa namna ambayo mtu huitwa mara moja tu maishani.

"Nakiri. Haukukatika kwa umri. Niliukata kwa mkasi wa Mama, alasiri, nikiwa na akili timamu, nikatupa vipande chooni, nikafunga tai yangu. Bwana Pazi hakujua. Mzee Shomvi hakujua, na alikuwa ameushika. Bibi alianguka hapo uliposimama. Sikutaka aanguke tena akisubiri."

Mheshimiwa akasogea karibu, akafunika kipaza sauti kwa kiganja, na sauti yake haikuwa ya hotuba.

"Kwa hiyo linatumika."

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Siku zote hizi? Maji yanatoka? Hayavuji?"

"Hayavuji."

"Bila mimi."

Sikuwa na namna ya kulipamba jibu. "Bila wewe, Mheshimiwa."

Alikaa kwenye kigoda. Suti yake ilipanda mpaka soksi zikaonekana. Alitazama sinki kwa chini, kama Bibi alivyokuwa akilitazama, na nadhani hakuna aliyewahi kumwambia mtu yule habari ya kuchosha kiasi kile.

Msikiti wa mtaani ukaadhini.

"Nipisheni, wanangu," alisema Bibi. "Alasiri haingoji mgeni rasmi."

Akapita katikati ya bendi, akafungua bomba, akanawa. Huko nje watu waliposikia maji walidhani uzinduzi umekamilika, wakapiga makofi. Mpiga ngoma wa korido akapiga ngoma. Mheshimiwa alishika ukuta, akajaribu kuinuka, akashindwa. Bwana Pazi akamvuta mkono mmoja, mimi mwingine. Aliposimama, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa karibu na taulo, alimpa Bibi taulo.

"Asante, baba," alisema Bibi. "Umeona? Kazi ni kuinuka."

Taarifa ya habari ilisema uzinduzi ulifana. Sinki halikung'olewa, kwa kuwa nchi nzima ililiona likitumika, mgeni rasmi akiwa ameshika taulo. Kuhusu mimi imetolewa amri nifikishwe mbele ya Matroni, na Matroni hazuiwi na mto.

Shule inafunguliwa Jumatatu na getini haingii mtu bila tai. Kipande chenye jina langu amekichukua Mheshimiwa kama ushahidi. Nimebaki na kile kingine, nacho nitakivaa. Ni kifupi, hakifiki hata kifungo cha pili, lakini kimezinduliwa.